Pete Iliyopwaya

Nilikuwa darasa la tano, miaka michache baada ya Uhuru, na katika safu yetu ya nyumba kule Pangani, Nairobi, televisheni ilikuwa moja tu. Mwenyewe alikuwa fundi saa wa Kihindi tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Jioni akifungua mlango, watoto tunavua viatu, tunaketi sakafuni, kimya, maana anayenong'ona hutolewa nje. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mzee wa Kizungu mwenye nywele nyeupe ndefu, koti jeusi na pete ya jiwe kubwa, akichomoka ndani ya kibanda cha simu cha polisi kama mtu anayetoka chumbani kwake. Kiingereza chake kilinipita. Nilichoshika ni kwamba kibanda kile nje kilikuwa kidogo na ndani kilikuwa jumba, na kwamba mzee mwenyewe alikuwa mkali, mwenye kuguna kabla ya kujibu, mfano wa babu yangu wa Lamu aliyetusomesha juzuu.

Tamthilia hiyo ni Doctor Who. Wakati ule sikujua kwamba mzee niliyekuwa nikimtazama alikwisha kuacha kazi. Filamu zilizotufikia zilikuwa nakala za milimita 16 ambazo BBC iliziuza kwa vituo vya nchi mbalimbali, Kenya na Uganda zikiwemo, na zilifika kwa kuchelewa. Sisi tulipokuwa ndiyo kwanza tunamzoea, London walikwisha kumuaga na kumpokea mwingine.

Baadaye nilifanya kazi ya utangazaji miaka thelathini na mmoja, mwanzo nikiwa mtunza ghala la filamu, kisha mtayarishaji wa michezo ya redio. Kwa hiyo nikiifuatilia historia ya tamthilia hii, safari zake za nyotani na maadui wake wa bati si vitu vinavyonishika sana. Kinachonishika ni swali ambalo kila mwenye kazi yetu hulala nalo: mwigizaji mkuu akishindwa kuendelea, unafanyaje? Wenzetu hawa wamelijibu zaidi ya mara kumi tangu 1966. Mara nyingine wamelijibu kwa hekima, mara nyingine kwa namna ya kutia aibu, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wazo la kwanza lilitoka kwa Sydney Newman, Mkanada aliyekabidhiwa idara ya tamthilia za televisheni ya BBC. Alitaka kitu cha Jumamosi jioni, cha kuziba nafasi kati ya michezo na kipindi cha muziki wa vijana. Kazi akampa Verity Lambert, mwenye miaka 27, mwanamke pekee aliyekuwa mtayarishaji wa tamthilia pale wakati huo. Sehemu za kwanza ziliongozwa na Waris Hussein, kijana mzaliwa wa Lucknow, India. Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, na ikarudiwa Jumamosi iliyofuata kwa sababu mawazo ya watu yalikuwa kwingine. Newman alikuwa amekataza viumbe vya kutisha watoto. Kabla ya Krismasi Lambert akawaleta Daleks, viumbe waliojifungia ndani ya magamba ya chuma, waliobuniwa na mwandishi Terry Nation na kuchorwa na Raymond Cusick. Hao ndio walioifanya Uingereza nzima iketi mbele ya televisheni.

Daktari mwenyewe, yule mzee wa kibandani, alikuwa William Hartnell, aliyezaliwa mwaka 1908. Alikuwa amechoka kupewa nafasi za masajenti wa jeshi kila filamu, akaipokea nafasi hii ya babu msafiri kwa moyo wote. Lakini fikiria kazi yenyewe. Msimu wa kwanza peke yake ulikuwa na sehemu 42. Walifanya mazoezi wiki nzima, kisha siku ya kurekodi wakacheza karibu moja kwa moja, kwa kuwa kukata utepe na kurudia kulikuwa ghali. Ulimi ukiteleza, umeteleza, na taifa zima litausikia. Mishipa ya Hartnell ilikuwa inakakamaa kwa maradhi, na kumbukumbu ikaanza kumtoka. Nimezitazama tena sehemu zile ukubwani. Utamwona amezishika kola za koti lake kwa mikono miwili, anasaka jina la mwenzake, analikosa, anaguna, anaokota jina jingine lililo karibu na kuendelea mbele. Watazamaji walidhani ni tabia ya mhusika. Mimi naujua mshiko ule wa kola.

Naujua kwa sababu tulikuwa na Mzee wetu. Katika mchezo wetu wa redio wa kila Jumapili alicheza mwenye duka, mtu wa maneno mengi na mkopo mchache, na alikuwa ameucheza miaka kumi na mmoja nilipokabidhiwa mchezo ule. Mwanzo alikuwa anaruka sentensi. Halafu akawa anarudia ukurasa uliokwisha kusomwa. Nikaanza kusimama kando yake kwenye maikrofoni, kidole changu juu ya mstari, nikikisogeza neno kwa neno kama mwalimu wa chuoni na mtoto wa alifu. Tulivuka hivyo miezi sita. Alhamisi moja wakubwa wa kituo wakamwita ofisini, wakampa bahasha, na Jumapili ile ile nafasi yake ikachukuliwa na kijana aliyejua kuigiza kikohozi cha Mzee na mvuto wa sauti yake. Hapakuwa na neno hewani wala kwaheri. Barua zikaanza kuja. Mama mmoja wa Voi aliuliza kama tumefiwa, na kama ndivyo, mbona hatusemi. Yule kijana hakuwa mwigizaji mbaya. Alikuwa amepewa kazi ya kuvaa kivuli cha mtu aliye hai, na hakuna anayeiweza kazi hiyo. Mchezo ulikufa miezi minne baadaye.

Basi tazama walichofanya wenzetu mwaka 1966. Mwanzoni nao walikaribia kukosea. Mtayarishaji wa wakati huo, John Wiles, alikuwa hapatani na Hartnell, akapanga kumbadilisha katikati ya hadithi ya Mtengeneza Vichezeo, adui anayewalazimisha watu kucheza michezo ya kufa na kupona: Daktari angefanywa asionekane, na akirudi kuonekana awe na sura ya mtu mwingine. Wakubwa wakakataa na mkataba wa Hartnell ukaongezwa. Wiles akaondoka yeye. Aliyemfuata, Innes Lloyd, pamoja na mhariri wake wa miswada Gerry Davis, walifikia jibu jingine. Daktari si binadamu, walisema. Basi mwili wake ukichakaa, ujifanye upya wenyewe. Sura itabadilika na tabia itabadilika, ila mtu atakuwa yule yule. Tarehe 29 Oktoba 1966, katika sehemu ya nne ya hadithi iitwayo The Tenth Planet, Hartnell alianguka kwenye sakafu ya chombo chake. Fundi wa kuchanganya picha, Shirley Coward, alikuwa amegundua kwamba mtambo wake una hitilafu inayoifanya picha iwake nyeupe kupita kiasi, akaitumia hitilafu ile. Uso wa mzee ukayeyuka katika mwanga, na mwanga ulipotulia, palikuwa na uso wa Patrick Troughton.

Jina la tukio hilo halikuwepo bado. Waingereza waliliita kwa jina lake rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Mimi huliita kujivua gamba, ingawa najua Watanzania walilisikia neno hilo katika siasa mwaka 2011 hadi masikio yakauma. Nyoka akijivua gamba anabaki nyoka yule yule, na gamba linabaki pale njiani, wazi, kila apitaye analiona. Sisi tulilificha gamba la Mzee wetu, na wao wakaliacha mbele ya macho ya watoto wote wa Uingereza.

Jambo la pili walilofanya ndilo kubwa zaidi kwangu. Troughton hakumwigiza Hartnell. Alikuwa mwigizaji wa tabia nyingi, angeweza kuiga mguno na mikono kolani kama angetaka. Newman alipendekeza awe kama mzururaji wa anga, mwenye koti linalomzidi, suruali ya miraba na filimbi mdomoni. Hadithi yake ya kwanza, The Power of the Daleks, ilianza tarehe 5 Novemba 1966, wiki moja tu baadaye, na mwandishi wake David Whitaker aliuweka wasiwasi wa watazamaji ndani ya hadithi yenyewe. Wasafiri wawili wanaofuatana na Daktari, Ben na Polly, wanabishana. Polly anaamini kwamba huyu ndiye. Ben hataki kusikia. Ben anaiokota pete, ile ile ya jiwe kubwa, anamwambia mgeni aivae. Pete inapwaya. Inateleza kidoleni na kuanguka. Nami nikifika hapo huwa nasimama kidogo, maana mwandishi angeweza kuifanya pete ikae sawasawa, kila mtu akafurahi, na ushahidi ukakamilika. Alichagua ipwaye. Aliwaambia watazamaji: ndiyo, mnaona sawa, huyu si yule, na vitu vya yule havimtoshi. Kisha akaingia Dalek, adui wa tangu zamani, akamtazama mgeni, akamtambua. Marafiki walikuwa bado wanasita, adui hakusita. Baada ya hapo Ben hakuwa na la kusema.

Na Hartnell hakutupwa moja kwa moja. Miaka kumi ya tamthilia ilipokaribia, mtayarishaji Barry Letts aliandaa hadithi ya kuwakutanisha Madaktari watatu, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 30 Desemba 1972. Hartnell alikuwa mgonjwa sana kiasi cha kutoweza kusimama na wenzake studioni. Wakamrekodi peke yake, ameketi, akiyasoma maneno kwenye mabango yaliyoshikwa kando ya kamera, na ndani ya hadithi akaonekana kwenye skrini tu, akiwashauri na kuwakaripia wale wawili wadogo zake. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Alifariki mwezi Aprili 1975. Mtu aliyeshika yale mabango sijui kama alijua alichokuwa anakifanya. Mimi nilipoiona sehemu ile nilikumbuka kidole changu juu ya mstari, nikatoka nje kidogo kwenye baraza.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa mtindo, nami nitayapita upesi. Troughton aliondoka mwaka 1969, na baadaye akamshauri Peter Davison, aliyekuja kuichukua nafasi hiyo, asizidi miaka mitatu. Kwetu Mwalimu Nyerere aliliingiza neno kung'atuka vinywani mwa watu mwaka 1985, na nadhani Troughton angelielewa bila mkalimani. Jon Pertwee alikuja na rangi mwaka 1970. Tom Baker alitolewa kwenye kazi ya mjengo, akavaa skafu iliyofumwa na fundi aliyepewa sufi nyingi na kuimaliza yote, akakaa miaka saba, mpaka Waingereza wengi wakaona Daktari ni yeye na wengine ni wageni. Davison akafuata mwaka 1981. Angalia kilichokuwa kinafanyika nyuma ya pazia muda wote huo. Kulikuwa na mtayarishaji aliyeshika fedha na ratiba, na mhariri wa miswada aliyeshika kurasa, nao hawakuondoka siku moja. Letts ndiye aliyemchagua Tom Baker na kutengeneza hadithi yake ya kwanza, ndipo akampisha Philip Hinchcliffe. Mgeni alipoingia mlangoni alimkuta mwenyeji ndani.

Mwaka 1986 adabu hiyo ilivunjwa. Wakuu wa BBC walikuwa wamekwisha kuisimamisha tamthilia mwaka uliotangulia kwa miezi kumi na minane, na iliporudi na watazamaji wakawa haba, waliamuru Colin Baker, Daktari wa wakati huo, aondolewe. Yeye mwenyewe alikuwa ametamani kukaa muda mrefu kuliko Tom Baker. Wakamwita arudi mara moja tu, kucheza tukio la kubadilika, akakataa, na mimi simlaumu hata chembe. Basi Septemba 1987, mgeni Sylvester McCoy alivalishwa mavazi ya Colin na wigi la nywele za manjano za kujikunja, akalazwa kifudifudi sakafuni. Wakamgeuza, mwanga ukamfunika uso, ukaondoka, na hapo chini ya wigi kulikuwa na McCoy. Tukio zima halimalizi dakika mbili. Kila nikiliona namwona yule kijana wetu wa kikohozi. McCoy alikuja kuwa Daktari mzuri, mwenye siri na uzito, lakini aliingia kwa kulazimishwa kuvaa kivuli cha mtu aliyefukuzwa. Tarehe 6 Desemba 1989 sehemu ya mwisho ilirushwa na hakuna aliyetangaza kwamba ni ya mwisho. Filamu moja ya mwaka 1996, iliyopigwa Vancouver, ikiwa na Paul McGann, haikuzaa kitu. Ukiondoa hiyo, kibanda kilifungwa miaka kumi na mitano.

Kilipofunguliwa tena tarehe 26 Machi 2005, safari hii kikitengenezwa Cardiff, Wales, kulikuwa na cheo ambacho tamthilia hii haikuwahi kuwa nacho. Russell T Davies alikuwa mwandishi na kiongozi kwa wakati mmoja, mtu mmoja mwenye kalamu, mwenye neno la mwisho juu ya nani acheze, nani aandike na mwaka uishe vipi. Mfumo huo ni wa Marekani. Kwa Kiswahili naona anayefaa kuitwa nahodha ni huyu, si mwigizaji. Mwigizaji ni tanga: ndilo linaloonekana kutoka pwani, nalo hubadilishwa likichanika.

Tanga la kwanza lilichanika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Siku nne tu baada ya sehemu ya kwanza, iliyotazamwa na watu wanaokaribia milioni 11, habari zilivuja kwamba Daktari mpya, Christopher Eccleston, anaondoka. BBC ikatoa taarifa yenye maneno yaliyodaiwa kuwa yake, kisha ikalazimika kuomba radhi kwa kumwekea maneno kinywani. Tamthilia haikuzama, kwa sababu nahodha alibaki. Davies alimwingiza David Tennant, kijana wa Uskoti aliyetaka kuwa mwigizaji tangu utotoni kwa ajili ya tamthilia hii hii.

Mtihani halisi wa mfumo huu mpya ulikuwa tarehe 1 Januari 2010, Tennant na Davies walipoondoka pamoja. Sasa tanga limebadilika, nahodha amebadilika, na mwanamke msafiri naye ni mpya. Nahodha mpya, Steven Moffat, alimchagua Matt Smith, aliyekuwa na miaka 26 alipotangazwa, kijana kuliko wote waliomtangulia. Watu wengi walisema wamekwisha. Lakini itazame sehemu ya kwanza ya Smith, ya tarehe 3 Aprili 2010, kama unavyomtazama fundi akichonga mtumbwi. Anatokea bado amevaa shati na tai ya Tennant, vimechanika. Anaingia jikoni kwa mtoto wa kike na kuanza kuonja vyakula, kimoja baada ya kingine, anavitema, maana mdomo ni mpya na haujui unachokipenda, mpaka anatulia kwenye vijiti vya samaki vilivyochovywa kwenye kastadi. Mwisho wake, juu ya paa la hospitali, adui anaulizwa kama anakumbuka nani huilinda dunia hii. Nyuso zote kumi zinapita hewani, Hartnell wa kwanza, Tennant wa mwisho, na Smith anapenya katikati ya uso wa Tennant akiwa amekwisha kuvaa tai yake mwenyewe ya kipepeo. Moffat alilichukua gamba, akalishika juu, akamwambia mgeni apite ndani yake. Ni pete ya 1966 ile ile, ila imefanywa kwa wingi wa fedha.

Miaka minane baadaye, zamu ya nahodha Chris Chibnall, mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa nina neno langu. Jodie Whittaker alitangazwa Julai 2017, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hii ya kuongoza. Watu walipiga kelele kana kwamba wazo limeokotwa jana, ilhali Sydney Newman mwenyewe aliwaandikia wakuu wa BBC tangu 1986 akishauri Daktari awe mwanamke. Sehemu yake ya kwanza, Oktoba 2018, ilitazamwa na karibu milioni 11. Baadaye idadi ilishuka, na lawama zikamwangukia yeye. Naona alionewa. Mwaka ule alibadilika Daktari, akabadilika nahodha, akabadilika mtunzi wa muziki, wakabadilika wasafiri wote, na msimu mzima ukapita bila adui hata mmoja wa zamani kurudi. Kumbuka kazi ya Dalek wa 1966. Whittaker aliachwa aivae pete bila ya yeyote wa zamani wa kumtambua, na aliyeandika hivyo si yeye.

Davies alirudi mwaka 2023, na Tennant akarudi naye kwa sehemu tatu. Katika ile ya tatu, ya tarehe 9 Desemba, adui ni yule yule Mtengeneza Vichezeo ambaye mwaka 1966 nusura awe njia ya kumpoteza Hartnell. Safari hii Daktari hakuyeyuka. Aligawanyika: mkongwe akabaki hai, na mgeni akatokea pembeni yake, wakasimama wawili. Mkongwe akapewa nyumba, bustani, meza ya chakula na watu wa kuketi nao. Nilisema moyoni, Mzee wetu angepewa hivi.

Mgeni alikuwa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda wa mwaka 1992, ambaye familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994 ikafika Uskoti. Jina lake kwa Kinyarwanda maana yake rafiki. Nilikuwa nyumbani kwa binti yangu Reading msimu wa mwisho wa Gatwa ulipoonyeshwa, na mjukuu wangu wa miaka tisa aliniuliza kama Daktari ni wa kwetu. Nilimwambia ni jirani wa karibu sana. Lakini jirani hakukaa. Enzi ya Hartnell, ya miaka mitatu, ina sehemu 134. Gatwa alipewa misimu miwili ya sehemu nane nane na vipindi viwili vya Krismasi. Tarehe 31 Mei 2025 aliwaka mwanga, na mahali pake akatokea Billie Piper, yule yule aliyekuwa msafiri wa kwanza wa mwaka 2005. Majina yalipopita mwishoni, jina la Piper liliandikwa bila kutajwa kwamba ni Daktari. Mjukuu wangu alibaki ameikodolea skrini macho, akisubiri mtu amweleze.

Sasa nirudi ghalani, maana huko ndiko nilikoanzia kazi. Sehemu ya nne ya The Tenth Planet, ile ambayo Hartnell anajivua gamba, haipo. BBC ilifuta tepu na kutupa filamu za miaka ile ili kupata nafasi, na zile sekunde chache za mwanga zimesalia tu kwa sababu kipindi kimoja cha watoto kilizionyesha kama kionjo. The Power of the Daleks imepotea yote, sehemu sita. Tunayo sauti, kwa kuwa vijana wa wakati ule waliirekodi nyumbani kwa kinasa sauti kilichowekwa karibu na televisheni, na mwaka 2016 ikachorewa katuni. Pete ikiteleza kidoleni mwa Troughton unaweza kuisikia, lakini hakuna anayeweza kuitazama.

Nakala za filamu za BBC zilizunguka Afrika. Kituo kikimaliza kuonyesha kilitakiwa kuzirudisha, kuzipeleka kituo kingine, au kuziteketeza. Katika ghala nililofanyia kazi tuliamriwa mwaka mmoja tuondoe kila kopo ambalo hati zake hazikuonekana. Tulijaza lori mara mbili. Sikuzisoma lebo zote, na hilo limenikaa rohoni. Lakini si kila ghala lilisafishwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa za Troughton zilizokuwa zimepotea zimepatikana Nigeria, katika mji wa Jos, rafuni, ndani ya makopo yao.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wastaafu wa Nairobi na Kampala, na watoto wa waliotangulia mbele ya haki. Kama chini ya kitanda au darini kuna makopo bapa ya bati, yasitupwe. Kopo likinuka siki, filamu imeanza kuoza, wala hiyo si sababu ya kuichoma. Usiikunjue kwa nguvu, usiiweke juani wala karibu na jiko. Piga picha lebo ya karatasi iliyo juu ya kifuniko, hata kama maandishi yamefifia, kisha uipeleke picha hiyo kwenye nyaraka za taifa au kwa mtu yeyote anayejua filamu za zamani. Fanya hivyo kabla ya masika.